Papa Kwenye Maji ya Magoti

Mume wangu alipostaafu polisi, watoto wetu walitukatia tiketi tukapumzike wiki moja kisiwani Mafia. Babu yangu alitoka pwani kuja Kampala kuuza nguo, na nyumbani kwetu Lubaga tulilelewa kwa Kiswahili chake, lakini bahari yenyewe sikuwahi kuiona. Mume wangu ni mtu wa kaskazini. Kiswahili chake ni cha kambini, kimenyooka kama amri, na kuogelea hajui.

Siku ya pili, maji yalipokupwa, tulitoka kutembea. Tulifika mbali, maji bado ya magoti. Nilikuwa nimeinama nikiangalia kombe, nikasikia sauti yake nyuma yangu.

"Mama, simama hapo. Usitembea."

Niliinua macho. Pezi dogo, ncha yake nyeusi kama imechovywa wino, lilikuwa likikata maji hatua mbili kutoka nilipo. Likafuata la pili. Halafu nikaona kivuli cha tatu, kirefu kama mkono wangu, kikipita taratibu katikati yetu.

"Ni papa," nikasema.

Mume wangu alivua kandambili moja akaishika kama rungu. Akaja hadi nilipo, akageuka, akainama. "Panda mgongo."

"Mgongo huo? Utaniangusha."

"Panda!"

Nikapanda. Mgongo wa miaka sitini, na mimi si mwepesi. Alipiga hatua tatu, ya nne tukaanguka wote wawili kwa kishindo. Nilipofuta maji machoni, wale papa walikuwa wametimka, hakuna hata mmoja.

Mama mmoja aliyekuwa akitafuta pweza kwa fimbo karibu na hapo alicheka hadi akajishika kiuno. "Poleni wazee wangu! Shikamooni. Hao ni watoto. Wanakuja kwenye maji madogo wasiliwe na wakubwa. Nyinyi ndio mmewatisha."

Mume wangu, bado ameketi majini, akamuuliza, "Sasa wakubwa iko wapi?"

"Huko nje. Ila mkitaka kuona papa asiyemdhuru mtu, nendeni na boti mkamwone papa potwe. Chakula chake ni vidagaa."

Kesho yake tulikwenda. Tulikubaliana kwamba tutatazama tukiwa ndani ya boti, basi. Lakini nahodha alipozima injini na watu wakaanza kuruka, nikajikuta nimevaa jaketi la kuelea na miwani ya maji, na mume wangu ananiita huku nimeshaachia ngazi.

Nilimtafuta potwe mbele, naye akatokea chini. Kwanza nilidhani ni mwamba. Mgongo ulikuwa umejaa madoa meupe, mdomo wazi kama mlango wa duka, na alikuwa akinijia moja kwa moja. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikasema Bismillahi, nikameza chumvi. Akainamisha kichwa kidogo tu, akapita chini ya nyayo zangu, na mkia wake ulichukua muda mrefu kumalizika. Moyo wangu ulitulia kwa namna ambayo sikuitarajia.

Ndipo nikasikia kishindo. Mume wangu alikuwa majini, na shati lake na suruali, jaketi limempanda hadi masikioni.

"Nilifikiri amekumeza," akasema akihema.

"Na ungefanya nini?"

"Sijui. Nilikuwa nakuja tu."

Nikamshika mkono. Potwe wa pili alipopita, tulitumbukiza nyuso zetu tukamtazama pamoja.

Siku hizi tunaishi Bukoto, na kila Jumamosi asubuhi tunakwenda kwenye bwawa la kuogelea la hoteli moja karibu na Mulago. Mwalimu wa mume wangu ni msichana wa umri wa binti yetu wa mwisho. "Mzee, pumua," humwambia, naye hutii. Jumamosi iliyopita alivuka bwawa kwa upana, peke yake, akashika ukingo mbele yangu.

"Umeona?" akaniuliza.

Nikamwambia nimeona.