Leta Gari Chafu

Kibao kilichopo mlangoni pa karakana ya Lanyero, huko Bwaise, kina maneno matatu tu, na wapita njia wengi hudhani aliyekiandika alikosea. Kinasema: LETA GARI CHAFU. Mimi najua maneno hayo yalitoka wapi, maana nilikuwapo yalipozaliwa, ingawa sehemu yangu katika kisa hiki si ya kujivunia.

Lanyero alizaliwa katika kambi ya polisi ya Nsambya, binti na mtoto wa nne wa Sajini Obita, Mwacholi aliyeletwa Kampala akiwa kijana na kustaafia huko. Kambini waliishi watu wa kila pembe ya Uganda, ukuta kwa ukuta, na Kiswahili ndicho kilichowawezesha kuombana chumvi. Ndiyo maana mimi, Mbukusu wa Bungoma, nilielewana na Lanyero tangu siku ya kwanza tulipokutana. Kila Jumapili jioni sajini aliwapanga watoto wake mstari mmoja, kila mmoja ameshika viatu vyake vya shule, akavikagua. Kiatu ambacho hakikumwonyesha uso wake kilirudishwa kupigwa rangi upya. "Kinachong'aa ndicho safi," alisema, nao wakaitikia, "Ndiyo, afande." Lanyero alinisimulia hayo akicheka, lakini niliona kwamba bado aliyaamini.

Alipomaliza kidato cha nne aliajiriwa na Emile, Mkongomani aliyekuwa akiandika majina ya maduka kwa stika pale Nakasero. Miaka sita alibandika herufi kwenye vioo vya famasi, milango ya saluni na matangi ya bodaboda. Aliosha kwa maji na sabuni, akakausha, akabandika, na hakuacha hata kiputo cha hewa chini ya plastiki. Emile aliporejea kwao alimwachia mashine ya kupuliza joto na vibao vya plastiki vya kulainishia stika. Kwa urithi huo Lanyero akafungua karakana Bwaise, nyuma ya wauza mbao, akiwa na nia moja: kuacha herufi na kuanza kuvisha magari mazima stika.

Gari zima la kwanza lilikuwa la dada yangu. Nabalayo huoka mikate Lubaga, chini kidogo ya kanisa kuu, nami nasimamia tanuri zake na kuendesha gari la kusambazia. Nilisomea kemia chuo kikuu. Jinsi kemia ilivyonifikisha kwenye mikate ni swali ninalojiuliza mara nyingi kuliko inavyofaa. Nabalayo alitaka gari lake jeupe livishwe njano kutoka boneti hadi mlango wa nyuma, na picha ya mkate ubavuni. Nilimpendekeza Lanyero. Kazi ilichukua siku mbili, na gari lilipotoka pale lilipendeza hata nikajisifu kwa kumjua fundi.

Siku ya kumi na moja kingo za boneti zilianza kuinuka. Siku ya kumi na nne mlango wa kushoto ulikuwa na ulimi wa plastiki unaopepea kila nilipoongeza mwendo. Pale sokoni Nakasero wauza mboga walinipokea kwa vicheko. "Mama Mkate, gari lako linajimenya kama matooke!" walimpigia dada yangu kelele siku moja alipokuwa ameketi kando yangu. Alinielekeza kwa kidole njia ya Bwaise.

Lanyero alitoka akijifuta mikono. Ndani ya karakana alikuwamo kaka yake, Ochan, mlinzi wa lango la benki moja mjini. Juu ya msumari ukutani palining'inia sare mpya ya ulinzi na jozi ya buti.

"Binti wa polisi," dada yangu alisema, akishuka, "nilikuomba ulivishe gari langu nguo. Mbona umelivisha ganda la ndizi?"

"Mama, nisamehe. Mimi nilifanya vile nafanya siku zote."

"Siku zote! Basi hao wa siku zote wana bahati. Mimi nimechekwa na wauza vitunguu."

Hapo nikaona inafaa nitoe hukumu, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Nilisema stika ile ilikuwa duni, na kwamba kingo zilikosa mkono wenye nguvu za kutosha. Lanyero alinitazama kama mtu aliyepigwa na jamaa yake.

"Nilikwambia," Ochan alimgeukia dada yake, akiigusa ile sare. "Nafasi nimekutafutia kazini kwetu, Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao unaanza. Hii nguo haibanduki."

"Omera, ndugu yangu, nyamaza kidogo," Lanyero alimjibu kaka yake. Kisha akamwendea Nabalayo. "Mama, nipe hiyo gari tena. Mara moja tu."

Dada yangu ni mkali, lakini huwa hapendi kumfunga mtu mlango. "Nitakupa," alisema. "Ila Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao nitakuja hapa na kucha zangu hizi. Kikibanduka kipande hata cha upana wa punje ya mchele, nitasema mbele ya Bwaise nzima kwamba wewe si fundi."

"Na Jumatatu inayofuata anavaa sare," Ochan akaongeza. "Nitaomba wakubwa wamngojee mwezi mmoja."

Lanyero aliigeukia ile sare. "Ikibanduka," alisema, "nitavaa."

Siku iliyofuata nilikwenda kumsaidia kuvua stika ya zamani. Ya milangoni ilitoka kwa vidole viwili, kama utando juu ya maziwa yaliyochemka. Ya boneti vilevile. Kisha akapanda kibago chake, kigoda cha mbao, ili avue ya paa, akavuta, akavuta tena, akaniita.

"Bwana Sifuna, njoo uvute wewe. Mkono wangu si hauna nguvu?"

Nilipanda. Nilivuta hadi kifundo cha mkono kikauma, na stika ikakaa palepale kama ngozi ya gari lenyewe. Tuliipuliza joto muda mrefu ndipo ikakubali kuachia kona moja.

"Roli ya stika ni ile ile," alisema taratibu. "Mkono ni ule ule. Siku ni ile ile. Chini imetoka, juu imekataa. Kwa nini?"

Hukumu yangu ya jana ilikuwa imeanguka yote kwa mpigo mmoja. Alilizunguka gari mara mbili, kisha akauliza liliosheshwa wapi asubuhi ile ya kwanza.

Nilimjibu kwa fahari. Nilikuwa nimelipeleka mimi mwenyewe kwa waosha magari wa Lubaga, nikaagiza lipakwe polishi mara mbili, maana gari lilikuwa linakwenda kwa fundi, na heshima ni kulipeleka likimeremeta.

"Na paa pia wakapaka?"

"Paa analiona nani?" nilisema, na jibu langu mwenyewe likanipiga kabla sijafunga mdomo.

Lanyero tayari alikuwa amechukua chupa ya maji. Aliipangusa ile kona ya paa iliyo wazi, akamimina kidogo. Maji yalitandaa yakalala pale, utando mmoja mwembamba. Akashuka, akamimina mlangoni. Maji yakajikunja kuwa shanga, yakakimbia hadi chini kama yanavyokimbia kwenye jani la magimbi.

"Gundi yangu haikushika gari," alisema. "Ilishika polishi."

Nilifundishwa chuoni kwa nini maji huyakimbia mafuta. Niliandika mitihani juu ya jambo hilo. Hata hivyo nilisimama nikimtazama mtu ambaye hakuwahi kuingia maabara akilipata kwa chupa ya maji na paa la gari la mikate, na neno la kweli nililobaki nalo lilikuwa moja: nilimkosea.

Nilimwambia hivyo. Hakulipokea kwa haraka. Alikaa juu ya kibago, akacheka kidogo.

"Si wewe peke yako. Kioo ya duka hakuna mtu anapaka polishi, ndiyo maana pale Nakasero sikuona shida. Lakini hii gari ilipofika ile asubuhi, nilijiona uso ndani ya mlango, nikafurahi. Nikasema, hii ni safi, sabuni inatosha. Baba alitudanganya, afande yule."

Jioni hiyo hiyo nilimkiria dada yangu kila kitu, nikitumaini angefuta sharti lake. Alikuwa akikanda unga, na hakuacha kukanda. "Mwana wa mama," alisema, "kumbe shahada yako ilikwenda kununua polishi! Msichana nitamwomba radhi. Lakini mkate ukianguka kwenye vumbi, siuli eti kwa sababu aliyeuangusha amejitaja. Kucha zangu zinakwenda palepale."

Lanyero aliniagiza nimletee gari bila kulioshesha popote. Nililiendesha kutoka Lubaga likiwa na vumbi jekundu hadi kwenye taa, na waosha magari wote wa njiani walinipigia miluzi. Kwake alilisugua kwa sabuni, akalikausha. Kisha akachukua spiriti na vitambaa viwili visivyotoa nyuzi: kimoja cha kulowanisha, kingine cha kufuta kabla spiriti haijakauka, kwa kuwa ikikauka yenyewe huyarudisha mafuta palepale. Alivua vitasa na taa, akasafisha hata mianya ambayo vidole havipiti. Baada ya kila sehemu alimimina maji. Yakikimbia, alianza upya. Upande wa kulia alianza upya mara nne, na mchana wote ukaishia hapo bila kubandika hata kipande kimoja.

Asubuhi ya pili alimwagia sakafu maji ili vumbi lisiinuke. Nilipotaka kumshikia stika alinizuia. "Hiyo mikono ina mafuta ya chapati. Nawa kwanza."

Kosa jingine alilikuta mwenyewe, wala hakuna aliyemwonyesha. Mara ya kwanza alikuwa ameivuta stika kwa nguvu ili iingie kwenye bonde la mlango, nyuma ya kitasa. "Ukiivuta sana inakumbuka kwao," alisema, "na usiku wa baridi inarudi." Safari hii aliilaza bila kuilazimisha, akaipasha joto kidogo, akaisukuma kutoka katikati kwenda kingoni, na pale ambapo bonde lilizidi kina alikata kipande cha peke yake. Mwisho alirudia kila ukingo kwa joto kali, polepole, akipitisha mkono nyuma ya joto hilo, ili plastiki isahau umbo lake la zamani. Alipomaliza siku ya tatu, aliketi sakafuni akalitazama gari bila kutabasamu. Nilimwelewa. Hata mara ya kwanza lilipendeza.

Wiki ya pili mvua ilinyesha kana kwamba ilitumwa kumjaribu. Mfereji wa Bwaise ulifurika nikiwa napeleka mikate kwenye kioski karibu na barabara ya Bombo, na maji yakapanda hadi nusu ya milango. Nilikimbilia baraza ya duka. Kwa saa mbili maji ya kahawia yaliburuza matawi, chupa na kandambili za watu kwenye ubavu wa njano wa lile gari, nami sikuwaza mikate wala injini. Niliwaza kingo. Lanyero alikuja akiwa amekunja suruali, maji yaliyoanza kupungua yakimfika magotini. Alilizunguka gari polepole, akainama, akatazama. Nilinyoosha mkono niuguse mlango.

"Usiguse!" alifoka. "Hiyo si kazi yako. Ngoja ile Ijumaa ya Mama."

Ijumaa ya mwisho ya mwezi ilifika. Nabalayo alivaa gauni la kanisani. Wauza mbao waliacha misumeno, waosha magari wa jirani wakaja na ndoo zao mkononi, na Ochan alifika moja kwa moja kutoka zamu. Sare ilikuwa bado kwenye msumari.

Dada yangu alianza na boneti. Alipitisha kucha chini ya ukingo, akasukuma, akahamia mwingine. Alikwenda mlango wa kushoto, ule uliokuwa na ulimi, akaukwaruza kutoka juu hadi chini. Alichuchumaa kwa magoti yake ya miaka hamsini na mitano, akajaribu pale maji ya mafuriko yalipopita. Lanyero alisimama mikono nyuma, wima, kama mbele ya sajini. Hatimaye Nabalayo alifika kwenye bonde lililo nyuma ya kitasa, akakaza kidole gumba kwa nguvu zote za mtu aliyekanda unga miaka thelathini.

Tuliisikia sauti: tak!

Nabalayo aliinuka, akageukia watu, akanyanyua kidole. Ukucha ulikuwa umekatika katikati. Stika haikuwa na hata alama.

"Ochan!" aliita. "Polisi mko wapi? Dada yako amenijeruhi!"

Vigelegele vilianza kwa wanawake wa upande wa pili wa barabara, wauza mbao wakapiga mbao kwa mbao, na mwosha magari mmoja akamwaga ndoo nzima ubavuni mwa gari kwa furaha. Nabalayo alimkumbatia Lanyero, akamwomba radhi kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Wewe ni fundi," alisema. "Wiki ijayo nakuletea pikipiki zangu tatu."

Ochan aliitungua sare msumarini, akaikunja kwa uangalifu. Alijaribu kununa, akashindwa.

"Buti niachie," Lanyero alimwambia. "Maji ya Bwaise yatarudi."

"Buti ni za kampuni!"

"Basi kampuni ije yenyewe ikanyage maji."

Kibao kilikuja wiki hiyo hiyo. Aliniomba nimtungie maneno ya kuwaonya wateja, nami nilikaa siku mbili nikamwandikia sentensi ndefu, sanifu, yenye sababu na matokeo. Aliisoma hadi mwisho kwa adabu. Kisha akachukua kisu chake, akakata herufi za maneno matatu, akazibandika kwenye kibao mlangoni.

Jana nilipita pale na mikate. Magari matano yalikuwa yamepangwa mstari mmoja, matope hadi madirishani, na Lanyero alikuwa akipita mbele ya mstari huo na chupa yake ya maji, akiyakagua.