Niulize Tena, Bibi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za usichana wangu, mwanangu, ni ile Mzee Kibwana alipokataa kuniandikia barua. Alikuwa na taipureta yake kwenye kibaraza kimoja hapa Tanga mjini, si mbali na posta, na watu walimjia kutoka Muheza mpaka Moa awaandikie mashauri ya mashamba, salamu kwa watoto walioko mbali, na barua za kuombea kazi. Ilikuwa miaka ya hamsini, na wengi wetu shule tuliipitia kwa mbali. Mtu aliyejua kupiga barua ikatoka safi, bila kufutwafutwa, tulimheshimu kama kadhi.

Mimi nilikomea darasa la nne. Baba yangu alikuwa mkata katani shambani upande wa Muheza, akatangulia. Mama akaugua muda mrefu, naye akamfuata. Tulibaki watoto wanne, mimi mkubwa. Nyuma yangu alikuwapo Rukia, kisha Saidi, aliyekuwa na pumu, kisha Mwanahawa, ambaye alikuwa hataki niende popote bila yeye, hata uani.

Arobaini ya mama ilipokwisha, wazee wa ukoo walikaa wakapanga. Rukia na Mwanahawa waende kwa shangazi, Muheza. Saidi achukuliwe na Ami Hamadi, ndugu yake baba, kule Moa. Mimi niozwe. Usidhani walikuwa watu wabaya. Ndivyo mayatima walivyostiriwa wakati ule, na Ami mwenyewe alipokuwa akisema sauti ilimkatika. Nikawaomba wanipe nafasi mpaka shule zifunguliwe. Nikipata kazi, tukae pamoja nyumbani kwa mama, hapa hapa Tanga. Nisipopata, Ami aje amchukue Saidi. Ami akakubali, ila akaniambia kwamba kitanda cha Saidi angeanza kukisuka, maana hakuona ni kazi gani nitakayoipata mimi.

Ndipo nikasikia kwamba shule ya bweni ya wasichana, iliyokuwa nje ya mji katika njia ya Horohoro, inatafuta mwanamke wa kusaidia kulea watoto wadogo. Nikajitanda buibui la mama, nikaenda kwa Mzee Kibwana.

Nilimkuta anachovya boflo kwenye chai. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso, akaniambia niseme shida yangu. Nikasema, na niliyasema vizuri, kwa kuwa njia nzima nilikuwa nikiyapanga. Kwamba mimi ni yatima, mnyonge, sina baba wala mama, nina njaa, naangukia miguuni pa mkubwa wa shule, anihurumie kwa ajili ya Mungu. Barua zote za wakati ule zilikuwa hivyo, mwanangu. Nilidhani ndiyo kanuni.

Mzee Kibwana akaiweka boflo chini.

"Binti, hii siandiki," akasema. "Hii ni barua ya kuombea sadaka. Ya sadaka haihitaji taipureta, nenda ukakae mlango wa msikiti siku ya Ijumaa."

Nikaona haya, machozi yakanilenga. Naye hakuwa mtu wa kubembeleza. Alisema kwamba nimemweleza yote yaliyonipata, lakini sijamwambia hata neno moja la nililolifanya. Yule mwenye shule ana watoto wa watu bwenini, anataka wa kuwaangalia. Shida zake zinamtosha, mimi namwongezea zangu.

Nikamjibu kwamba mimi sijafanya kazi popote. Wapishi na maboi wa Wazungu walikuwa na chiti, yaani vikaratasi vya sifa walivyopewa na mabwana zao, wakavihifadhi ndani ya bati. Mimi sina chiti.

"Jana ulifanya nini tangu adhana ya alfajiri?" akauliza.

Nikamtajia. Nilichota maji bombani, nikapika uji, nikamwogesha Mwanahawa na kumsuka, nikafua. Nikaipunguza kanzu ya baba, nikamshonea Saidi shati la shule. Jioni nilikuwa na samaki mmoja tu, changu, nikamgawa na hakuna aliyenuna. Saidi akabanwa na kifua, nikakaa naye. Nilipokuwa nikisema, nikasikia vidole vyake vinagonga mashine.

"Mzee, hayo ya nini? Hayo kila mwanamke anafanya."

"Kila mwanamke hakuomba kazi hii. Umeomba wewe."

Akaniuliza shule nilikomea wapi, akaandika hivyo hivyo, darasa la nne. Nilimsihi basi aache kutaja wadogo zangu, nikihofia kwamba mtu mwenye mzigo hatakiwi. Akanitazama juu ya miwani yake, akasema kazi yote niliyoifanya nimeifanya kwao. Nikiwaficha wao nitakuwa nimeificha na kazi. Mwisho akataka majina ya watu wawili wanaoijua kazi ya mikono yangu. Nikamtaja jirani yetu Bi Mwanaisha na yule dresa wa hospitali aliyekuwa akimtibu Saidi. Akanikatalia kuyaandika mpaka niende kwanza nikawaombe ruhusa, wasije wakaulizwa habari zangu wakakodoa macho. Nikaenda, nikarudi, ndipo akaipiga barua nzima. Haikujaza hata ukurasa mmoja. Nikamlalamikia kuwa ni fupi. Akaniuliza kama nimewahi kuona mtu mwenye shughuli akifurahia hadithi ndefu.

Siku nyingi hazikupita, nikaitwa.

Aliyenikaribisha alikuwa Bibi Naomi, Mshambaa wa Lushoto, mlezi mkuu wa bweni. Mwanamke mrefu, gauni limepigwa pasi, barua yangu iko mezani mbele yake. Sasa nikuambie jambo moja la kwetu pwani. Mimi nililelewa kwamba mtoto wa kike mwenye adabu hajisemi. Ukisifiwa chakula, unasema nimekoroga tu. Ukiambiwa umeshona vizuri, unasema nababaisha. Wa kukusema ni shangazi yako au somo yako aliyekufunda, wewe unatazama chini. Kwa hiyo nikatazama chini.

Bibi Naomi akauliza kama najua kuogesha watoto na kuwatunza.

"Najaribujaribu, Bibi."

Na kushona?

"Kidogo tu, si kama wanaojua."

Na mtoto akiugua usiku?

"Sijui, Bibi. Mungu ndiye ajuaye."

Nilijiona nimejibu kama malaika. Yeye akaikunja barua.

"Hapa ameandikwa mtu mwingine," akasema. "Nani alikuandikia?"

"Mzee Kibwana, Bibi."

"Basi labda ningemwajiri Mzee Kibwana."

Akanishukuru kwa kufika, akasimama. Nikatoka.

Nilifika kwenye lango la shule nikawa nimesimama pale, miguu haijui iende wapi. Ikapita basi ya kwenda Horohoro, ndiyo wanayopanda watu wa Moa, juu imefungwa mizigo, majamvi na vitanda na magunia, na dirishani mtoto wa kiume ametoa uso nje, mdomo wazi, anakunywa upepo. Hakuwa Saidi. Saidi alikuwa nyumbani ananisubiri. Lakini vumbi la basi ile lilinifikia kooni, nikajua pumu yake ingemfanyaje njia nzima, na nani angemkalisha.

Nikageuka. Sikubisha hodi kwa adabu, niligonga.

"Bibi, nisamehe. Niulize tena."

Akaniuliza nimesahau nini. Nikamwambia sikusahau kitu, ila nilimjibu kama tunavyojibu kwetu, na kwetu mtu hajisifu.

"Sikukutaka ujisifu," akasema. "Nilikuuliza kama mtoto wa mwenzio atakuwa salama mikononi mwako."

Mwanangu, mpaka leo nimekuwa bibi kizee, hakuna aliyenifungua macho kama mwanamke yule. Nikainua uso nikamtazama. Nikamwambia nimemlea Mwanahawa tangu anatambaa, maana mama alikuwa kitandani. Nikamwonyesha pindo la buibui nililolitia kiraka, akalishika na kutafuta mshono, akachelewa kuuona. Kuhusu usiku nikamweleza kwamba Saidi akibanwa namkalisha wima, nafungua dirisha, naiweka mikono yangu mgongoni mwake tunavuta pumzi pamoja taratibu, na nikiona midomo inabadilika rangi simngojei mtu, nambeba hospitali. Dresa anajua. Kisha nikamwambia na nisiyoyajua: Kiingereza sina, na kupikia watu wengi kama wale sijapata kupika, lakini nikionyeshwa huwa sionyeshwi mara nyingi.

"Na hao wadogo zako," akasema, "ukilala huku bwenini, nani atalala nao?"

Hapo ndipo ningeweza kusema kuna jirani, kuna nani. Nikasema, "Hakuna, Bibi. Kulala huku siwezi."

Akasema kazi aliyotangaza ilikuwa ya kulala bwenini, hiyo hawezi kunipa, atampa mwingine. Kisha akasema nguo za watoto zinararuka kila siku na anayezifua amezeeka, kwa hiyo ipo kazi ya mchana, kufua na kushona, na saa ya magharibi niwe nimefika kwangu. Ilikuwa chini ya ile niliyoiombea. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Ami Hamadi alikuja siku tuliyoahidiana, hajasikia kwamba nimepata kazi. Akanikuta napiga pasi gauni la kuendea kazini, akaniuliza maswali mengi, akamtazama Saidi, akanywa chai. Akaondoka peke yake bila kusema sana, na mimi nikadhani amechukia. Baadaye utingo wa basi akaja kupiga hodi. Juu ya basi kulikuwa na kitanda kidogo cha kamba mpya, kimetoka Moa. Salamu za Ami zilikuwa kwamba Saidi asizikojolee kamba, zimemuumiza vidole. Saidi alilala juu ya kitanda kile mpaka miguu ikawa inaning'inia nje.

Juzi mjukuu wangu amenionyesha wasifu wake, hiyo sivii mnayoiita. Karatasi nzuri, ina na picha. Nimesoma kwamba yeye ni mchapakazi, mbunifu, mwenye kujituma. Nikamuuliza, jana ulifanya nini tangu alfajiri? Akacheka, akadhani bibi yake amechanganyikiwa. Lakini alipoanza kunieleza, nikasikia mengi ambayo kwenye karatasi hayamo, duka la mjomba alilolisimamia, wenzake aliowafundisha hesabu wakafaulu. Nikamwambia ayaandike hayo, na yale maneno matamu ayatoe.

Nawe nakuusia hivyo. Andika ulichokifanya kwa mikono yako, kifupi, mtu mwenye shughuli akione mara moja. Hata kama hukulipwa, hata kama ulikifanya jikoni kwenu, kiseme. Usiombe kuhurumiwa, wala usijipambe kwa usilolijua, kwa maana siku ya kuitwa utaulizwa, na karatasi haitakuja kukujibia. Waliokutaja kuwa wanakujua, wape habari kabla hawajapigiwa simu. Vaa chako, kiwe safi, kiraka hakina aibu. Adabu yetu ishike majumbani na mbele ya wakubwa, amkia, ingia kwa hodi, ila ukiulizwa unajua nini, inua uso useme. Palipo na usilojua, sema hujui. Na ukiona umejibu vibaya, mlango haujahama. Rudi.

Mwenyezi Mungu akukutanishe na mtu atakayekuuliza vizuri, akupe na ulimi wa kumjibu, na jioni ukirudi akukutanishe na wako wote chini ya paa moja. Amin.