Hatua Tatu za Mskoti

Nilimvunja rafiki yangu mguu makusudi, kisha nikawaambia watu ni bahati mbaya. Nimeandika sentensi hiyo mara tisa na kuifuta, nikitafuta maneno yatakayoifanya iwe nyepesi. Hayapo.

Nina miaka ishirini na mitatu. Naishi Nechells, hapa Birmingham, Uingereza, nahudumia wazee mtaa wa Edgbaston, na Jumamosi nacheza beki kwenye timu ya kanisa letu, Wakenya na Wakongomani pamoja. Sikuwahi kuwa na kocha. Mpira nilijifunzia maktaba, kwenye magazeti ya zamani, kwa Mskoti mmoja aliyekuja Birmingham kucheza mpira wa kulipwa zaidi ya miaka mia iliyopita. Washambuliaji walimwogopa! Nilinakili kila mechi yake kwenye daftari. Ukurasa ukiingia doa, niliuchana nikaanza upya.

Gazeti moja lilieleza pigo lake: hatua tatu fupi, kisha mwili mzima unatua juu ya ule mguu ambao mshambuliaji ameuegemea. Nililifanyia mazoezi nyuma ya maghala, nikilipiga pipa la taka, nikihesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Siku pipa lilipopasuka nilifurahi. Ee Mungu, nilifurahi!

Baraka ni winga wetu, mzaliwa wa Bukavu. Ndiye aliyenileta kwenye timu. Alikuwa akifanya kazi ya kusimama ghalani kutwa, na mama yake na wadogo zake walimtegemea yeye tu. Siku hiyo mazoezini alinipiga tobo, mpira ukapita katikati ya miguu yangu mbele ya watu wote.

“Profesa, funga mlango, baridi inaingia,” akasema.

Wakacheka. Nami nikacheka. Aliporudi na mpira mara ya pili, nikaanza kuhesabu.

Mguu wake ulilia kama ubao mkavu unaovunjika. Ncha ya mfupa ilikuwa imechana soksi, na soksi ikajaa damu. Baraka hakupiga kelele; aling'ata nyasi. Na wazo la kwanza lililonijia, nawaambieni ukweli, lilikuwa hili: nimelipatia lile pigo.

Nikasema niliteleza. Mchungaji akatuombea sote wawili. Hospitalini mama yake akanishika mkono, akauliza kama nimekula. “Usijiue na mawazo, mutoto yangu.” Akanipakulia sombe, mboga ya majani ya muhogo, aliyompikia mwanawe. Nikala. Nikamaliza sahani!

Baraka alipasuliwa mara mbili. Kazi akaipoteza. Sasa anatembea kwa gongo.

Katika daftari langu, safari ya Mskoti ilikatika ghafla katikati ya msimu. Siku zote nilidhani magazeti yamepotea. Kumbe nilikuwa nasoma kurasa za michezo tu. Niliporudi maktaba, miezi saba baada ya Baraka kuumia, nikafungua kurasa nyingine, nikakuta barua yake. Alikuwa amemvunja kijana mguu. Aliandika kwamba hakuteleza, alikusudia, na kwamba viatu vya mpira hatavivaa tena. Yeye ilimchukua wiki moja kukiri.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, nilikwenda kwa kina Baraka. Mama yake alinipa sahani kama kawaida, akarudi jikoni. Nikamwambia Baraka, “Sikuteleza.”

Alilisogeza gongo lake kando. “Ninajua. Nilikusikia unahesabu.” Kisha akasema, “Mama iko ku jiko. Umuambie yeye.”

Nikamfuata na sahani mkononi. Nikamwambia yote, hata lile pipa. Hakunitukana. Aliichukua ile sahani taratibu, akarudisha chakula chote sufuriani, akafunika.

Ninyi mnaosoma hili, kama kuna mtu amewachekesha watu juu yako, na wewe unafanya mazoezi mahali usipoonekana, nakusihi. Ukijikuta unahesabu, simama kwenye mbili.