Sala Kabla ya Ndege Kuruka

Kwa miaka kumi na moja Constance, mzaliwa wa Fizi, alihudumia abiria katika ndege ndogo iliyofika mji wa Baraka, mashariki mwa Kongo, mara mbili kwa juma. Kabla ya kila safari alikagua mikanda ya abiria, kisha wavu unaozuia mizigo nyuma ya viti vyao. Halafu abiria mmoja husali, maana huku hakuna anayekubali kupaa bila sala.

Siku ile aliyesali alikuwa mzee Niyokwizera, mkimbizi kutoka Burundi, mkulima wa mihogo, aliyeketi kiti cha mwisho. Abiria walichelewa kupanda, sala ikaanza kabla Constance hajafika kwenye wavu. Alisimama karibu na mzee, macho wazi, akaona ndoano moja ya wavu inaning'inia. Akafungua kinywa. Lakini utamkatizaje mzee katikati ya sala? Akangoja amina. Amina ilipotoka, Komanda Bonaventure, rubani, alikuwa amekwisha kuachia breki. Constance akaketi, akijiambia kwamba ndoano zilizobaki zingetosha.

Hazikutosha. Walipotua Kalemie kwa kishindo, magunia ya ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, yaliangusha wavu, yakamfunika mzee. Walipoyatoa, alikuwa amekwisha kufa.

Wachunguzi walikuja Baraka baada ya wiki tatu. Kila mtu alimtaja Lionel, mpakiaji, aliyeufunga wavu ule. Asubuhi ya kuhojiwa, Bonaventure alimvuta Constance pembeni.

"We sema tu haukuona kitu," akamwambia. "Sisi ba ndani ya ndege hatuuzane."

"Na Lionel?"

"Lionel ni wa chini. Batu ba maboti kule ziwani batamupa kazi."

"Kule jela iko maboti, Komanda?"

Bonaventure akatazama viatu vyake.

Lionel alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha mahojiano, amevaa koti lake la kanisani. Hakumsihi Constance. "Ile ndoano ilichoka, mama," alisema tu. "Nilimwambia komanda mara mbili."

Ndani, Constance alieleza yote, ndoano aliyoiona na onyo la Lionel kwa komanda. Mchunguzi akaacha kuandika.

"Hiyo sala ilichukua muda gani?"

"Dakika moja hivi."

"Na wewe ulihitaji muda gani kusema 'ngoja'?"

 Jina la Constance likaandikwa chini ya la Bonaventure, wote wawili wakasimamishwa kazi. Lionel akaambiwa aende nyumbani.

Constance alipotoka, Jocelyne, mjane wa mzee, alikuwa amesimama kando ya ukuta akimngoja. Constance alijiandaa kutukanwa. Usingizini alikuwa ameyasikia matusi hayo mara nyingi.

"Bananiambia yeye njo alisali," Jocelyne alisema. "Aliomba nini?"

Kila neno lilikuwa bado kichwani mwa Constance.

"Aliomba juu ya mvua, mama. Juu ya batoto benu. Kisha akaomba juu ya komanda na mi, Mungu atuchunge mu kazi yetu."

Jocelyne akaitikia kwa kichwa polepole.

"Ni vile alikuwaka," alisema, akaondoka bila kumpa mkono.