Diski ya Ngoja Kwanza

Tik. Kimya. Tik, tik. Mpaka leo mtu akigonga kucha juu ya meza, karani wa mizani hugeuza shingo. Ndivyo diski ya zamani ilivyokuwa ikilia ndani ya kompyuta yao ya nyumbani, na ndivyo alivyojua kwamba inakufa.

Karani huyu amepima malori kwenye kinu cha unga kwa miaka ishirini na sita. Lori likiingia hupimwa limejaa, likitoka hupimwa tupu, na tofauti ndiyo mzigo. Madereva wenye haraka humbembeleza apime mara moja tu, maana uzito wa gari tupu si umeandikwa mlangoni? Yeye hujibu, "Ngoja kwanza." Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho. Kinuni, mtaani, hata ukweni, yeye ni Ngoja Kwanza.

Nyumbani ni hivyo hivyo. Birika la umeme lilimchukua wiki tatu. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi bomba mwenye mdomo usio na koki, huwaambia watu kwamba Ngoja Kwanza alimchumbia dada yake miaka minne mizima kwa sababu alitaka kuhakikisha havuji.

Mkewe ni mwalimu wa shule ya watoto wasioona. Kwa miaka mingi amewasomea vitabu na kujirekodi chumbani, magodoro yameegemezwa ukutani ili sauti isirudi. Kazi ya mumewe katika shughuli hiyo ni kulinda kimya. Huchomoa friji, huziba dirisha kwa blanketi, kisha huketi kwenye kigoda karibu na mlango, tayari kumwekea kidole mdomoni yeyote mwenye hamu ya kupiga hodi.

Mwaka ule Mwalimu alionekana na uvimbe kooni. Daktari alisema utatolewa na maisha yataendelea, ila sauti haitarudi ilivyokuwa. Akapewa wiki sita kabla ya upasuaji. Katika wiki hizo sita alisoma kitabu kizima cha jiografia, sura kumi na nne, asubuhi na alasiri, akinywa maji ya uvuguvugu kati ya kurasa. Alitoka hospitali na sauti nyembamba yenye mikwaruzo, kama mlango unaoburuza sakafu. Akasema, "Basi, imebaki kukata vikohozi kwenye rekodi tu." Shule hupokea kitabu kikiisha, kwa hiyo nakala nyingine haikuwepo. Sura zote kumi na nne zilikuwa ndani ya ile diski iliyokuwa ikisema tik.

Ngoja Kwanza akaanza kuchagua diski mpya.

Alikwenda kwa fundi wa kompyuta, mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani.

"Wengi huuliza ukubwa," fundi alimwambia. "Ukubwa ni tamaa. Wewe uliza itavumilia kuandikwa mara ngapi kabla haijachoka. Uliza waranti. Aliyeitengeneza vizuri haogopi kukuandikia miaka mitano. Halafu uliza umeme ukikatika ghafla inafanyaje."

"Na zilizokufa, zilikufaje?"

Fundi alishusha miwani ya kichwani, akamtazama kwa zote mbili. "Hilo sijawahi kuulizwa na mteja. Hizi za zamani, zinazozunguka, huumwa kwanza, unazisikia. Hizi mpya, SSD, hazikohoi. Jioni ipo, asubuhi haipo. Kwa hiyo, mzee wangu, nunua ambayo watengenezaji wake wanajulikana."

Karani alirudi na daftari. Hakujali sifa za wiki ya kwanza. Alitafuta watu waliokaa na diski miaka miwili, akasoma malalamiko yao mpaka macho yakamwuma. Aliandika nane, akafuta tatu, akafuta nne, akabaki na moja. Fundi akamwambia, "Umechagua vizuri. Sina, lakini inakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Mpaka siku hiyo, kompyuta iacheni imezimwa."

Jumamosi wageni walikuwa mezani.

"Bado tu?" shemeji aliuliza.

"Inakuja Alhamisi."

"Alhamisi ya mwaka gani? Shemeji, siku utakayokwenda kuchagua jeneza lako, sisi tutakuzika kwenye mkeka."

Meza nzima ikacheka. Ngoja Kwanza akajikaza. "Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo! Watoto hamsini wanamsubiri dada yangu, wewe unasubiri diski ihitimu chuo."

Wakacheka tena, na safari hii Mwalimu naye akacheka. Kicheko chake hakikuwa tena na sauti, kilikuwa mabega tu yakipanda na kushuka. Hicho ndicho kilichomchoma mumewe. Alinawa mikono, akatoka bila kuaga.

Duka la fundi lilikuwa limefungwa. Ng'ambo ya barabara, kijana wa vifuniko vya simu alikuwa nayo SSD moja, ndani ya boksi linalong'aa, jina lake halimo daftarini wala katika malalamiko ya mtu yeyote.

"Waranti?"

"Waranti ni mimi, mzee wangu. Si unaniona nimesimama hapa?"

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, karani hakusema maneno yake mawili. Aliichukua.

Aliifunga mwenyewe kwa bisibisi, akahamisha kila kitu alasiri ile ile. Majina ya sura yalijipanga kwenye kioo, akayahesabu kwa kidole, yakatimia kumi na manne. Hakufungua hata moja kusikiliza. Mtu aliyewakatalia madereva kipimo kimoja kwa miaka ishirini na sita, siku hiyo alipima mara moja.

Mwalimu aliingia akamshika bega. "Ndiyo ile uliyoichagua?"

"Ndiyo."

Mwalimu akampigia mdogo wake simu papo hapo, akikwaruza maneno kwa furaha. "Umesikia? Mume wangu akichagua kitu, kimechaguliwa!"

Diski ya zamani aliiweka rafuni iwe akiba. Jumatatu alipoijaribu, ilisema tik mara mbili, haikusema tena.

Alhamisi fundi alipiga simu: "Mzee wangu, ile yako imefika." Akaenda mbio, na njiani moyo ulikuwa mwepesi. Angebadilisha moja kwa nyingine Mwalimu akiwa kliniki, na ule uongo wa neno moja ungejifia wenyewe. Alihamisha sura zote, na safari hii akazifungua, moja baada ya nyingine. Kuanzia ya kwanza hadi ya nane, sauti ya mkewe ilitoka nzima, ile ya zamani, pana na yenye tabasamu ndani yake. Ya tisa ilitoa mvumo, kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Ya kumi vilevile. Zilizobaki zilikuwa salama.

Aliirudisha ile mbovu kwa fundi. "Ni ya jirani," alisema.

Fundi aliichomeka, akasubiri, akatikisa kichwa. "Mwambie jirani pole. Kilichopotea humu hakirudi."

Karani alikwenda nyumbani na ujumbe wa jirani, na hakumwambia mtu.

Jumanne Mwalimu akafika sura ya tisa. Mumewe alisikia kiti kikisogea, kisha kimya, kisha ule mchanga juu ya bati, mara moja, mara mbili, mara tatu. Alipoingia alimkuta amefunika uso kwa viganja.

"Nimeziharibu," Mwalimu alisema. "Zilikuwa nzima, nilizisikiliza zote kabla ya hospitali. Lazima ni pale nilipokuwa nakata vikohozi, nimebonyeza nisichokijua. Tangu ile dawa ya usingizi kichwa changu ni chujio."

Ngoja Kwanza alifungua mdomo. "Pole," alisema.

Pole. Neno la mtu asiye na kosa. Samahani ilikuwa hapo hapo chini ya ulimi, haikutoka.

Siku zilizofuata hakula vizuri. Kinuni aliandika uzito wa lori moja kwenye mstari wa lori jingine, dereva akamwambia, "Leo wewe ndiye wa kungojwa, mzee." Nyumbani aliosha vyombo visivyokuwa vichafu. Mwalimu akamcheka: "Mbona umekuwa mpole hivi, kama mgeni anayetaka kukopa?" Na jioni ya Ijumaa shemeji alikuja, akakaa, akakuna kichwa. "Shemeji, siku ile nilivuka mpaka. Kumbe diski haina neno, ni dada tu na vidole vyake. Nisamehe." Ngoja Kwanza akampa mkono. Mkono wenyewe ulikuwa wa baridi, na shemeji akauliza kama ana homa.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Mwalimu alianza kuburuza magodoro.

"Nazisoma upya," alisema.

"Kwa koo hilo?"

"Ninalo jingine?"

Friji ikachomolewa, blanketi likapanda dirishani. Karani akaketi kwenye kigoda chake. Mwalimu alifungua kitabu mahali pa sura ya tisa, akakohoa pembeni, akabonyeza. Taa ndogo nyekundu ikawaka.

"Wanangu," alianza, na ile sauti ikaburuza sakafu. "Mtashangaa. Sura hii na inayofuata mtazisikia kwa sauti nyingine. Msiogope, bado ni mimi. Zile nzuri nilikuwa nimewasomea, nikaziharibu mwenyewe kwa uzembe wangu. Mnisamehe sana."

Akafungua ukurasa. Ngoja Kwanza aliwaona wale watoto hamsini, vichwa vimeinamishwa upande wa sauti, wakimsamehe mkewe. Akasimama. Kigoda kikalia, na Mwalimu, bila kuinua macho kitabuni, akanyoosha kiganja: kimya, tunarekodi. Taa ilikuwa bado nyekundu.

"Mwalimu," alisema, karibu pumzi tupu, "usiwaambie hivyo. Aliyeziharibu ni mimi."