Bupe agoma kuliachia joto na mnyauko viazi vyake vya Goba

Asubuhi hii Bupe Mwaipaja hataki salamu ndefu. Amechutama bondeni Goba, mbele ya kiroba chenye mche wa kiazi ulionyauka ungali wa kijani. Anakata shina, anapangusa kisu kwa spiriti, kisha anatumbukiza shina hilo kwenye glasi ya maji.

"Usiitikise, mwandishi," anaonya. "Ukishuka uzi mweupe kama maziwa, ujue ugonjwa umeingia."

Ugonjwa wenyewe ni mnyauko unaoletwa na bakteria. Mwenye eneo, Mzee Mwishehe, alishamwambia wazi: viazi vikifa tena kama mwaka jana, anachukua ardhi yake apande mchicha.

Sisi wa Dar tunakula chipsi mchana na usiku, lakini ukimwambia mtu kwamba kiazi mviringo kinalimwa Goba, anakucheka. Bupe amechekwa vya kutosha. Ametokea Rungwe kwenye baridi, na mara ya kwanza alifanya kama kwao: alinunua viazi vya kula soko la Mabibo, akavipanda Januari, jua likiwa kali hasa. Vilichipua vikapendeza, halafu vikanyauka vyote.

"Nililia, kisha nikakasirika," anasema. "Mie nilijua nimerogwa."

Afisa ugani wa eneo hilo, Albano, ndiye aliyemfundisha kipimo cha glasi. Alimweleza kwamba kwenye baridi, vinakotoka viazi vya sokoni, kiazi kinaweza kubeba bakteria bila mche kuonyesha dalili yoyote. Joto la Dar humpa bakteria nguvu, na mche uliochoshwa na joto hilo hushindwa kupambana naye.

"Nilimshauri aache," Albano ameniambia kwa simu huku akicheka. "Huyu mama hashauriki."

Bupe alitafuta mbegu iliyopimwa, akajaza viroba udongo mpya, akatandaza nyasi juu, akafunga neti ya kivuli na kusubiri Juni, jua lilipopungua ukali. Pesa yake yote ya kuuza matembele iliishia humo.

Mzee Mwishehe anafika, anaitikia shikamoo, anainama kutazama. Ndani ya glasi, uzi mweupe unashuka taratibu. Inauma kuutazama.

"Si nilikwambia, mama?"

Bupe anabeba kiroba kizima hadi kwenye shimo alilochimba mbali na maji, anakifukia, ananawa kwa sabuni. Kisha anakata shina la kiroba cha jirani na kulitia kwenye glasi nyingine. Wote watatu tunasubiri. Maji yanabaki safi, bila uzi wowote.

"Mzee, mwaka jana miche ilikufa yote. Leo umekufa mmoja. Hiyo mingine si unaiona imesimama?"

Mzee Mwishehe anapita akiigusa miche iliyosimama. "Haya. Kaa mpaka uvune."

"Na mwakani."

"Nimesema mpaka uvune, Bupe."

"Nimekusikia, mzee," anajibu, akikaza kamba ya neti. "Ila mbegu ya mwakani nimeshaiagiza."