Ng'ombe Anatazama Nini

Kissa Mwakalinga alikuwa na miaka saba alipomkata ndama kwa mkasi.

Ndama mwenyewe alikuwa wa karatasi. Alisimama chini, pembeni, katika picha ya malisho ya milimani iliyotundikwa sebuleni kwa baba yake, Mzee Yohane, kule Tukuyu. Nesi wa Kijerumani aliyekuwa misheni alimwachia mzee picha hiyo alipokuwa anarudi kwao. Watoto wa nyumba ile walikua wakiamini kuwa ni mahali fulani nyuma ya mlima Rungwe: ukungu uleule, majani yaleyale. Kitu kimoja tu kiliwatatiza, kwamba ng'ombe wale hawakuwa na nundu. Kissa alimpenda yule ndama kupita kiasi, akamkata, akamficha ndani ya kitabu cha nyimbo. Kitabu kikapotea na ndama wake.

Mzee hakumchapa. Aliitundika tena picha na tundu lake. Lakini kwa miaka thelathini, kila mgeni alipoingia, alimwonyesha ng'ombe mkubwa mwekundu aliyegeuza shingo kuelekea pale penye tundu, akauliza, "Sasa huyu anatazama nini?" Wageni walicheka. Kissa hakucheka hata mara moja.

Nilimkuta Guangzhou, China, mwaka 1998, katika hoteli ya wafanyabiashara karibu na soko la nguo la Shahe, ambako nami nilikuwa nikikaa. Alikuwa akija mara tatu kwa mwaka kununua jinzi. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Bei isipompendeza alifunga mkoba wake polepole, zipu moja baada ya nyingine, na kabla hajafika zipu ya mwisho bosi wa duka alikuwa amekwisha kulegea. Safari hii alibeba pia ile picha, imezungushiwa kanga. Mzee Yohane alikuwa na mtoto wa jicho, na hospitali ya Mbeya ilimpangia upasuaji wiki moja baada ya Kissa kurudi.

"Akifunguliwa kitambaa," aliniambia, "nataka amkute ndama yupo."

Aliposikia kwamba najua kusoma Kijerumani, aliigeuza picha mezani katikati ya vikombe vya chai. Nyuma palikuwa na maandishi madogo ambayo nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuyasoma. Nikamsomea. Mchoraji aliitwa Anselm Trattner, Mwaustria wa karne ya kumi na tisa, mtoto wa mchinjaji. Walimu wake wa Vienna walimshauri achore farasi wa majenerali, kwa sababu ng'ombe hawanunui picha. Aliwasikiliza kila kipupwe. Kila kiangazi alipanda milimani na rangi zake mgongoni, akalala na wachungaji, akachora ng'ombe, na nyuma ya kila turubai akaandika majina yao. Huyu mwekundu aliitwa Liesl.

"Endelea," alisema Kissa.

Picha hii Trattner aliimaliza Liesl akiwa bado na mimba. Kisha akaona kwamba shingo aliyoichora imegeukia mahali patupu. Akakaa siku nane zaidi kwenye kibanda cha wachungaji, mpaka ng'ombe akazaa, ndipo akamchora ndama.

Kissa aliigeuza tena picha, akalitazama tundu. "Kumbe hata yeye aliliona. Yeye na baba wangeelewana."

Siku hiyohiyo aliipeleka picha kwa Bwana Liang, aliyekuwa na karakana uchochoroni, akinakili michoro ya Ulaya kwa ajili ya hoteli. Kissa alitaka nakala ya rangi za mafuta, na ndama arudi pale penye tundu. Hakuhitaji mkalimani, alisema. Sokoni alikwisha kujua kuwa *niu* ni ng'ombe na *zai* ni mtoto. Basi ndama ni *niuzai*. Akaligusa tundu kwa kidole na kutamka neno hilo mara tatu. Bwana Liang aliitikia kwa furaha.

Siku ya tatu tulikwenda kuichukua, mimi, Kissa na Rotich, Mkenya wa Eldoret aliyekuwa akinunua redio. Milima ilikuwa milima, Liesl alikuwa Liesl. Na pale alipotakiwa kusimama ndama alisimama mzungu mwenye kofia pana, suruali ya jinzi na kamba mkononi.

Rotich aliinama akamchunguza. "Dadangu, huyu msee amezaliwa na viatu?"

"Nyamaza, Rotich."

"Mimi nimezalisha ng'ombe wengi. Hii ndiyo mara ya kwanza kuona ametoka na mshipi."

Kumbe niuzai, watu wengi wakilisikia, ni yule mchunga ng'ombe wa kwenye sinema, na ndiyo maana jinzi nazo huitwa kwa jina lake. Kissa alikuwa akilitamka neno hilo kila siku akinunua jinzi kule Xintang, kwenye viwanda vyake, bila kuuliza jina hilo limetoka wapi. Ndege yake ilikuwa keshokutwa.

Hakufunga zipu hata moja. Aliweka mkoba chini, akapandisha kitenge magotini, akapiga magoti na kushika sakafu kwa viganja. Akatanua miguu kama kitu kisichojua kusimama, akanyoosha shingo kutafuta chuchu, akalia sauti nyembamba ya ndama. Wachoraji wa karakana waliacha brashi. Rotich, ambaye hakuwa anacheka tena, alisema, "Mguu wa nyuma uingize ndani kidogo. Hapo."

Bwana Liang akachukua kipande cha mkaa. Akachora haraka kijana mwembamba wa Kichina kwenye majaruba ya mpunga, akiwa na ng'ombe na ndama, kisha akajigonga kifuani: ni mimi huyu, zamani. Akamfuta mzungu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

Jioni ya kesho yake ndama alikuwepo. Miguu ilitetemeka, pua ilikuwa mbichi, na Liesl alikuwa na kitu cha kutazama. Juu ya mabega palikuwa na kinundu, maana ng'ombe wa kwao Bwana Liang nao wana nundu. Alimtazama Kissa, brashi mkononi, tayari kukifuta.

"*Mei you*," Kissa alimwambia. Hakuna. Hakuna cha kufuta.

Alirudi Guangzhou mwezi wa nne, akanitafuta wakati wa chai. Kitambaa kilifunguliwa Mbeya, mzee akapelekwa nyumbani, akasimama mbele ya picha muda mrefu, halafu akaita majirani. Swali lake la zamani halikusikika.

"Sasa ana neno jipya," alisema Kissa, akimimina. "Kila mgeni anaonyeshwa kile kinundu, halafu anaambiwa, 'Mama yake ni wa Ulaya. Lakini baba yake, mnajionea wenyewe, ni wa hapa.'"